Ngoma ya Tatu

Alhamisi jioni Lamees alirudi kutoka kambini, akavua viatu mlangoni, akasema, "Mama, nipe maji. Koo limenikauka."

Tufaha alikuwa kwenye cherehani akipinda mkono wa abaya. Aliinuka, akampa maji, akakaa tena. Mtoto alipokwisha kunywa ndipo mama mtu akagutuka. Lamees hakuwa akijua Kiswahili.

Na wa kulaumiwa ni Tufaha mwenyewe, tusizunguke. Aliletwa Dubai kutoka Unguja akiwa bibi harusi, na mawifi zake walimcheka kila alipofungua kinywa. Akaacha kukifungua. Marehemu Humoud, mumewe, alitaka nyumba ya Kiarabu, akapewa. Lamees alizaliwa na kukulia Satwa, hapo hapo Dubai, kwa Kiarabu na Kiingereza, na kila alipouliza bibi yake wa Unguja alikuwa nani aliambiwa alikuwa fundi cherehani. Uongo. Yule bibi alikuwa fundi wa pepo, na Ng'ambo, mtaa wao wa Unguja, nzima ikimjua.

Sasa mtoto ametimiza miaka ishirini, kaona tangazo la kambi ya asili: siku tatu kijijini, kwenye bonde lililo nyuma ya milima ya Hatta, kwa watu ambao wazee wao waliletwa kwa nguvu kutoka pwani ya Afrika na mpaka leo wana ngoma zao. Kusuka ukili, kuchunga mbuzi, kula chini. Tufaha alimkataza. Lamees akamjibu kwa Kiarabu, "Kama wewe hunifundishi, nitafundishwa na wageni." Neno hilo Tufaha alilimeza na miba yake.

Kwa hiyo jioni ile, kusema kweli, alifurahi. Siku tatu tu, na mtoto anasema kama kazaliwa Ng'ambo! Walizungumza hata wali ukapoa. Walicheka. Tufaha alijisikia kama mtu aliyekuwa na kiatu kinachombana miaka na miaka na sasa kakivua. Hakujiuliza imekuwaje. Mwenye kiu haulizi.

Kisha Lamees akajifuta midomo, akasema, "Hebu nisogezee kile kiti, mwana wa fundi."

Kijiko kilimponyoka Tufaha mkononi.

"Nani kakwambia hivyo?"

Mtoto alitabasamu. Alikikalia kiti cha cherehani, mgongo wima, viganja magotini, wala hakuinuka tena. Ijumaa asubuhi alikuwa pale pale. Chumba kilinuka mavumba, yale manukato ya pepo, na chini ya mavumba ilikuwapo harufu nyingine, ya ngozi ya mbuzi inayokaushwa motoni ili ngoma ilie vizuri. Na vidole vyake vilikuwa vikigonga mbao za kiti. Ti-ti-ta, ti-ti-ta, vinapanda, vinakazana, halafu vinakatika. Kimya. Vinaanza upya, na vinakatika tena pale pale, mara mia, mpaka Tufaha akajikuta anashika pumzi akingoja kile kinachopaswa kufuata.

Alikuwa anakijua kinachofuata. Alikulia ndani yake. Ngoma ya kwanza humwita pepo. Ya pili humpa kiti, yaani mwili wa mtu wa kukalia, akaulizwa jina na haja yake. Ya tatu humuaga, na ndiyo ndefu kuliko zote, maana pepo ni mgeni, na mgeni haachwi mlangoni bila kwaheri. Mama yake alikuwa akisema anayepiga ya pili akaenda zake ni heri asingeipiga ya kwanza.

Alitafuta namba ya kambi kwenye karatasi za Lamees. Akapokea mwanamke, Mkenya.

"Roselyne, guest relations. Habari yako, mama?"

"Mbaya. Mimi mamake Lamees. Hiyo Alhamisi mlipiga ngoma ngapi?"

Upande wa pili sauti ilishuka ikawa mnong'ono. "Mama, mimi ni mtu wa kanisa, hayo mambo sijui. Lakini ni mbili. Ilikuwanga na ya tatu, sir Saif akaitoa kwa programu. Basi linafaa kutoka saa kumi."

"Tangu lini?"

"Tangu Oktoba. Kila Alhamisi."

"Kila Alhamisi mnaita, na hamjamuaga hata mmoja?"

"Mama, usinigombeze, mimi ni wa kupokea wageni tu." Akavuta pumzi. "Kuna kitu lakini. Viti vya plastiki, tunavifungianga store. Asubuhi tunavikuta vimetoka, vimepangwa duara. Nikauliza Clifford wa security kama ni yeye anatucheza. Mama, Clifford alirudi kwao Bungoma wiki hiyo hiyo, hata hakungoja kukamilisha karatasi."

Jumamosi Tufaha alikodi teksi. Lamees alikubali kushuka ngazi pale tu alipoambiwa anarudishwa bondeni. Njia nzima alikuwa akigonga mlango wa gari, vidole vinakatika pale pale, mpaka dereva akazima redio akaanza kusoma Ayatul Kursi.

Saif, mwenye kambi, alikuwa kijana mtanashati mwenye kandura, ile kanzu yao nyeupe, iliyopigwa pasi ikasimama. Aliwapokea vizuri. Aliposikia shida, alicheka vizuri vilevile, akimwita khala kama mama yake mdogo.

"Khala, ile ngoma ya tatu ni dakika arobaini. Watu wamechoka, jua kali, hakuna hata anayepiga picha. Hapa tunaonyesha utamaduni, hii si hospitali."

"Utamaduni wa nani? Wako?"

"Khala, tafadhali."

"Usinitafadhalishe. Umeita watu wa watu ukawaacha barazani. Leo ngoma ya tatu itapigwa. Sikuombi, nakwambia."

Mpiga ngoma, mzee Thamer, alikuwa amesimama nyuma, macho chini. Aliongea Kiarabu cha milimani, na nyimbo zake zote zilikuwa za Kiswahili asichokielewa hata neno. "Nilimwambia," alisema taratibu. "Babangu alinikataza kuikata. Huyu akaniambia nikikataa ataleta wapigaji kutoka Deira, mjini."

Saif alitazama saa. Mwishowe akakubali, ila apige video. Akavuta kiti cha plastiki mpaka ukingo wa duara, akakaa, simu juu.

Ilikuwa alasiri. Ubani ukawashwa, Lamees akakalishwa katikati, na Thamer akaianza ya kwanza. Miaka thelathini Tufaha hakuwa ameinama mbele ya kiti cha pepo, lakini magoti yalikumbuka. Ilipoingia ya pili akauliza kama alivyokuwa akiuliza mama yake, "Jina lako nani, mgeni?"

"Muulize aliyeniita," ikajibu sauti kinywani mwa mwanawe. Ilikuwa nzito, na nyuma yake zilikuwapo nyingine, nyingi, kama watu wanaosukumana ukumbini.

"Haja yako?"

"Kiti. Nimesimama tangu Oktoba."

Hapo palikuwa na maneno yake. Tufaha alikuwa anayajua: rudi ulikotoka kwa heshima, chakula chako hiki, ngoma yako hii. Kisha ingepigwa ya tatu, na wote, huyu na wale wa nyuma yake, wangekwenda. Tayari alikuwa amefungua kinywa, na moshi wa ubani ulikuwa umelala chini bila kupanda, na mbuzi zizini walikuwa wamenyamaza wote kwa mara moja, na viti vya plastiki vilivyokuwa vitupu kwenye duara vilikuwa vimeanza kulia kimoja baada ya kimoja, kile kilio cha plastiki inayokaliwa na mtu mzito, ndipo akainua macho akamwona Saif anaigonga saa yake kwa kidole, akimwashiria mzee aharakishe, midomo ikisema, "Yalla, khalas, yalla."

Hasira ilimpanda Tufaha hata akaona weusi.

"Kiti chako kile pale," alisema, na akanyoosha mkono. "Aliyekuita ndiye yule. Akukaribishe mwenyewe."

Ngoma ilinyamaza. Lamees alianguka ubavu, akaanza kulia kwa Kiarabu kwamba mguu wake umekufa ganzi. "Polepole, mwanangu, nimekushika," alisema Tufaha, na mtoto akamtazama kama anayesikia maji yakimwagika. Hakuelewa kitu.

Saif alishusha simu. Alibaki amekaa, mgongo wima, viganja magotini.

"Umefanya nini?" Thamer alinong'ona. "Ya tatu nilikuwa bado sijaianza."

"Haki," alijibu Tufaha. Akamnyanyua mwanawe, wakaenda zao.

Usiku ule alilala usingizi mzito. Kesho yake pia. Lamees alikula, akaenda chuo, akarudi, akagombana naye kwa Kiingereza kuhusu video ya kambi aliyotumiwa na wenzake. Mtoto wake huyo, mzima. Aliyebaki na mzigo ni mwenye mzigo. Tufaha hakuona alipokosea.

Jumanne Roselyne akapiga simu. Alikuwa ananong'ona, na nyuma yake palikuwa na kelele za watu wengi.

"Mama, sir hajatoka kwa kile kiti tangu Jumamosi. Anaongea Kiswahili, mama, kile cha zamani, hata mimi kinanishinda. Mzee Thamer amefukuzwa. Wamekuja wengine wa kupiga."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu hataki hata itajwe. Tena amesema Alhamisi peke yake haitoshi. Kuanzia leo ni kila siku. Saa hii mabasi manne yako hapa kwa gate, watu wanashuka na watoto."

Tufaha alishika ukingo wa cherehani. "Toka hapo, mwanangu. Panda gari lolote, toka sasa hivi."

"Niende wapi, mama?" Roselyne alikuwa analia. "Yeye ndiye kafeel wangu, mdhamini wa kazi. Visa yangu iko kwake, pasipoti amefungia kwa ofisi tangu Clifford aende. Nimemwomba. Amesema nitapewa, lakini kwanza nije nikae kidogo."