Mwizi Aliyeacha Jiwe

Jiwe lilikutwa peke yake kwenye sinia ya kazi, Jumamosi asubuhi, na pete iliyolibeba haikuwepo. Sonara alipoliona alikaa chini bila kuangalia kama nyuma yake kuna kiti. Kilikuwepo, bahati yake. Kisha akafunga mlango wa duka, akawapigia simu polisi.

Inspekta, mama wa makamo asiyependa kuharakishwa, aliwakuta wote karakana: sonara, fundi wake wa kung'arisha, bibi harusi na mchumba wake, na mama mzazi wa bwana harusi. Maharusi walikuwa wamekuja kuchukua pete ya mwanamke na kuchagua mtindo wa pete ya mwanamume. Ndoa ilikuwa wiki inayofuata.

"Fundi ndiye aliyekuwa huku nyuma," sonara alisema. "Sipendi kusema, lakini nani mwingine?"

"Hupendi kusema, na umeshasema."

Fundi alikuwa ameloa jasho. Akifukuzwa hapa kwa wizi, hakuna sonara atakayempa kazi tena, na kila mtu mle ndani alilijua hilo. Inspekta aliinama juu ya sinia. Kando ya jiwe palikuwa na vijino viwili vya dhahabu, vile vinavyolishika, vimevunjwa kwa kukwanguliwa. Koleo zilining'inia ukutani, karibu kabisa.

"Wewe ungelitoaje hili jiwe?" alimwuliza fundi.

"Kwa koleo, afande. Nisingevunja hata kijino kimoja."

"Na mwizi angechukua nini?"

Sonara alijibu shingo upande. "Jiwe. Ndilo lenye bei."

Inspekta akamgeukia bibi harusi. "Nasikia mlivutana kuhusu mtindo wa pete yako."

"Mimi ni muuguzi. Jiwe lililoinuka linachana glavu. Nilitaka pete laini, mwenzangu akang'ang'ania jiwe." Macho yalimjaa machozi. "Lakini sikuondoka kaunta, afande. Mwulize."

Sonara alikubali. Alikuwa nao mbele muda wote, wakijaribu pete za kiume, bapa na zenye mgongo wa mviringo, naye akiwapigia soga.

"Soga gani?"

"Kwamba dhahabu ya pete ya bibi harusi ni ya ukoo wa mumewe. Bwana harusi aliniletea pete ya marehemu baba yake, nikaiyeyusha. Wateja hupenda habari kama hizo."

"Halafu?"

"Halafu mama yake akajisikia vibaya. Akaomba kukaa huku kwenye feni, fundi akatoka kumtafutia maji."

Sonara alifunga mdomo, amechelewa. Inspekta alivuta kiti, akaketi karibu na yule mama. Alikuwa mshonaji, na mkasi mdogo wa kukatia nyuzi ulichungulia kwenye mkoba wake, ncha yake imepinda.

"Mama, ulikuwa unajua habari za hiyo pete kabla ya leo?"

"Sikujua."

"Mama, ilikuwa imevunjika," mwanawe aliingilia. "Niliikuta kwenye kopo la vifungo. Nilidhani haina kazi."

"Haikuvunjika. Ilikatwa." Hakupandisha sauti. "Kidole cha baba yako kilikuwa kimevimba, hospitali wakaikata ili itoke. Alikuwa ananitazama wakati wanaikata. Hakunitazama tena."

Alifungua mkoba, akaitoa pete. "Jiwe ni lenu, nikaliacha. Mimi si mwizi. Nilitaka changu."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ungeniuliza, ningekuambia."

Kijana alipiga magoti mbele yake. Inspekta alimtazama sonara mpaka akaelewa. Sonara akamwomba fundi radhi mbele ya wote, akitafuna maneno. Alipoulizwa kama atafungua kesi, alitikisa kichwa.

"Kaa nayo, mama," bibi harusi alisema. "Sisi tutachagua nyingine, ya kawaida tu."

Mama alijaribu kuivaa. Ilikwama kwenye fundo la kidole. Akaigeuza polepole, akipapasa ukingo wake wote kwa kidole gumba, kisha akaanza tena upya.

"Tangu asubuhi napatafuta pale ilipokatwa," alisema. "Sipaoni."

Akamshika mkwewe mkono, akamwekea pete kiganjani. "Chukua wewe, mwanangu. Mume wangu hayumo tena humu."

Ndipo akalia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.