Suqiong na Majani ya Mama Mkwe

Alasiri ile, uani kwao mjini Chengdu, China, mchezo wa vigae wa mahjong ulikuwa umenoga. Ila Tan Suqiong hakai! Anaketi, anainuka, anakimbilia chooni, anarudi amekunja uso.

"Shoga, umeolewa na choo?" Fengzhen, jirani yake, akamtania. Meza nzima ikaangua kicheko.

Suqiong naye akacheka, lakini aliumia. Mkojo ulitoka kidogo kidogo, tena ukimchoma.

"Joto la mwili hilo. Umebugia pilipili mno," alisema mama mkwe wake, Bi Pu. Akamchemshia majani ya kupoza mwili, aliyoyachuma mwenyewe kando ya mto. Machungu hayo, loo! Suqiong akayanywa yote. Angekataaje? Bi Pu alimpenda kama bintiye wa kumzaa, na mtaa mzima ulimsifu kwa majani yake.

Kesho yake homa ikapanda, mgongo ukauma. Suqiong akaogopa. Akamwendea kwa siri jirani yao, Daktari Kuang, tabibu wa dawa za Kichina.

"Nipe majani makali zaidi. Mama asijue, atavunjika moyo."

"Hapana, dada. Homa na mgongo? Huenda vijidudu vimefika kwenye figo. Twende hospitali sasa hivi, mkojo upimwe."

"He! Nawe unayakana majani?"

"Niyakane, nami nayauza? Zipo tafiti zinazotia moyo, hasa kwa ugonjwa huu wa njia ya mkojo unapojirudia. Lakini ni chache, nyingi ndogo, na hazikufanywa kwa umakini. Hatuna uhakika bado. Antibayotiki inayofaa huua vijidudu hivi, hilo tunalijua. Umalize dozi hata ukipata nafuu. Na umwambie daktari wa hospitali majani uliyokunywa, maana mengine hugombana na dawa."

Huko hospitalini, vijidudu vikaonekana kweli kwenye mkojo. Suqiong akameza dawa, akanywa maji, akaacha kubana mkojo. Akapona, akawa anaimba jikoni.

Ndipo akajikaza, akamweleza Bi Pu kila kitu.

"Umepona kweli?" Bi Pu akauliza.

"Kabisa, mama."

Bi Pu akachungulia mlangoni, akanong'ona: "Basi nipeleke na mimi. Mwezi mzima mkojo unanichoma, na majani nimekunywa sufuria kwa sufuria. Nimwambie nani, mimi bingwa wa majani?"

Suqiong akamkumbatia, akicheka huku machozi yanamtoka. "Twende, mama! Vaa viatu."

"Viatu nimevaa tangu asubuhi, mwanangu. Nilikusikia ukiimba jikoni, nikawa nakungoja useme."