Muuguzi-anga Hatui Bondeni

Muuguzi-anga alitua kwenye roshani ya ghorofa ya ishirini, akakunja mabawa, akaingia sebuleni kwa magurudumu yake. Mwanamke aliyemwita alikuwa amejifungia humo peke yake. Chai aliyojimiminia kabla ya kupiga simu ilikuwa bado ya moto. Mashine ilimsalimu kwa sauti ya chini, ikamweleza kila inachotaka kufanya, ikangoja akubali. Ilimpa dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI na ya kuzuia mimba, ikamsafisha majeraha, ikafungia ushahidi ndani ya kisanduku kinachofunguka kwa kidole cha mwanamke mwenyewe tu.

Hivyo ndivyo mwanamke aliyebakwa alivyohudumiwa mtaa wa Kilele. Injinia Leokadia Rweyongeza, msimamizi wa wauguzi-anga wa jiji zima, alifuatilia kwenye kioo chake, akaridhika, akageukia wito uliofuata.

Huo ulitoka Bondeni. Zamda, fundi cherehani, alikuwa amenyamaza tangu alipobakwa, karibu siku tatu zilizopita. Asubuhi hii ndipo alipowaambia wapangaji wenzake. Dawa ya virusi huanzwa ndani ya siku tatu, na kila saa inayopita huipunguzia nguvu. Muda wa Zamda ulikuwa unaishia jioni.

Mashine ilifika Bondeni, ikashuka hadi usawa wa mabati, ikasimama hewani. Kisha ikapanda na kurudi. Leokadia akaituma tena. Ikarudi tena. Akakagua betri, mabawa, upepo, vyote vilikuwa sawa. Akatuma mashine mpya kabisa, nayo ikarudi. Kioo kiliandika: mgonjwa hayuko tayari.

Leokadia alimpigia Zamda kumuuliza kama kweli hayuko tayari. Zamda alishangaa. Alikuwa amekaa uani tangu asubuhi akingoja.

"Uko na nani hapo?"

"Na sisi," ilijibu sauti nyingine. Ilikuwa ya Mama Sikitu, mpangaji wa chumba cha mbele. Nyumba ile ilikuwa na vyumba sita na ua mmoja, na wanawake wote walikuwa wameacha shughuli zao kuja kukaa na mwenzao, kama wanavyokaa na yeyote aliyefikwa.

Leokadia alifunga macho. Muuguzi-anga hamkaribii mgonjwa asiyekuwa peke yake. Sheria hiyo waliidai wanawake waliobakwa wenyewe, kwa sababu mara nyingine anayemshika mgonjwa mkono na kumjibia maswali ndiye aliyembaka. Mashine haijui kumtenganisha huyo na mfariji.

Aliwaomba waingie vyumbani kwa muda mfupi tu.

"Mwanangu," alisema Mama Sikitu, "yalimkuta akiwa peke yake. Leo tumwache peke yake tena, ili atibiwe?"

Leokadia alimgeukia Zamda mwenyewe.

"Wakitoka, na mimi natoka nao," alisema Zamda.

Hakuna kitufe cha kuiondoa sheria ile. Bodi iliyoipitisha ingekutana wiki ijayo. Leokadia alichukua mfuko wa dawa, akamshika mkono nesi wa zamu, wakaondoka kwa gari. Zahanati ya Bondeni ilifungwa mashine zilipoanza kuruka, na barabara ikaachwa kutengenezwa. Mbele ya makorongo waliliacha gari wakatembea.

Walifika jua halijazama. Nesi alimwita Zamda pembeni na kumuuliza, kwa sauti ya wao wawili tu, anataka nani abaki naye. Alimtaja Mama Sikitu. Alimeza dawa akiwa ameegemea bega lake, akaomba maji zaidi.

Leokadia alisimama mlangoni bila kujua aiambie nini Bodi. Akiifuta sheria, kuna mwanamke Kilele atakayetibiwa huku mbakaji wake akimjibia maswali. Akiiacha, Bondeni hatatibiwa mtu. Alijaribu kuipanga sentensi kichwani, ikamponyoka.

Mama Sikitu alipotoka, Leokadia alimwomba radhi kwa mashine kurudi mara tatu.

"Tatu za leo," alisema Mama Sikitu. "Kile kidude kimekuja hapa mara nyingi. Mwanamke akiumizwa, kinakuja, kinatuangalia, kinaondoka. Sisi tulidhani ndiyo kazi yake."