Wimbo wa Hasira katika Nchi ya Barafu

Meli ilipogonga barafu, Kazungu alikuwa chini kabisa, mbele ya tanuri, koleo mkononi na fulana imelowa jasho. Alisikia chuma kikichanika taratibu kama kitambaa, kisha maji yakamfika magotini, ya baridi iliyomkata pumzi. Alimshika mkono Mutua, mwenzake wa kazi. Wakapanda ngazi, mvuke ukiwaunguza migongo na maji yakiwafuata nyuma.

Juu kulikuwa na dhoruba. Theluji ilivuma kwa ubavu na mawimbi yalikuwa yamekwisha kuvunja mashua zote za upande mmoja. Kazungu hakukimbilia mashua. Alikimbilia stoo ya nguo, ambamo makoti mazito yalikuwa yamerundikwa, makoti yaliyopakiwa kwa ajili ya mabaharia wote. Kufuli lilikuwa palepale. Siku walipogeuza kuelekea kaskazini, ofisa wa pili alisema kwamba watu wanaoshinda mbele ya moto hawana haja ya makoti, na kwamba Waafrika wangeyauza bandari ya kwanza tu. Akaweka ufunguo mfukoni. Kazungu alilipiga kufuli kwa koleo, akalipiga tena, halafu sitaha ikainama akateleza mpaka ukingoni.

Yeye na Mutua walikuwa majirani huko Changamwe. Kazungu alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, mume wa Kanze, baba wa msichana mmoja aitwaye Mbeyu. Mutua alitoka Ukambani kutafuta kazi, akapanga chumba karibu naye na kumleta mkewe Nduku. Mwaka wa 1942, vita vikiwa vimepamba moto, walichukuliwa Kilindini kuwa wapiga makaa wa meli ya mizigo. Waliambiwa ni safari ya Bombay na kurudi. Bombay wakaambiwa Uingereza. Walipofika Uingereza hawakuambiwa kitu. Waliona tu jua likizidi kuwa dogo kila kukicha.

Mashua ya mwisho iliondoka na watu wanne: wao wawili, baharia mmoja mzee wa Kiingereza, na ofisa wa pili. Ofisa alikuwa amevaa makoti mawili, la sufu ndani na la ngozi juu.

Walipiga makasia kwa sababu ndiyo namna pekee ya kupata joto. Maji yaliyoruka yaliganda juu ya nguo zao yakawa gamba. Mutua alikuwa amevaa viatu vya turubai. Alipoacha kulalamika juu ya miguu yake, Kazungu aliogopa kuliko alipokuwa akilalamika. Alimvua viatu akaiweka ile miguu tumboni mwake, chini ya fulana. Ilikuwa kama mawe.

Akamwambia ofisa, "Bwana, mpe huyu koti moja. Miguu yake inakufa."

Ofisa alipandisha ukosi wa koti. Kazungu aliposema tena, yule mtu aliufungua mfuko wa koti la nje ili bastola ionekane, kisha akaufunga. Akaamuru makasia yaendelee.

Baharia mzee ndiye aliyewasaidia. Aliwaonyesha barafu ya kunyonya, ile ya kale yenye rangi ya buluu, kwamba haina chumvi, na ile nyeupe waiache. Aliwaonyesha jinsi ya kuuacha upepo uwapige shavu lilelile daima ili mashua isizunguke. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu mwanzo. Asubuhi moja walimkuta ameinamia kasia lake, amekufa.

Kazungu akaanza kumvua koti. Ofisa akamwambia aache mara moja, kwani kumpora Mzungu aliyekufa ni kosa la kufungwa, na yeye mwenyewe atahakikisha anafungwa. Kazungu alimtazama. Akaendelea kufungua vifungo kimoja kimoja kwa meno, maana vidole havikuwa vikifanya kazi, akamvika Mutua lile koti. Bastola haikutoka mfukoni. Pengine ofisa alijua kwamba peke yake asingeweza kupiga makasia mpaka nchi kavu. Walimshusha mzee baharini, Kazungu akamwombea kwa Kigiriama, kwa sauti kubwa, na tangu hapo hasira ilikaa kifuani mwake kama kaa la moto. Baadaye alisema kwamba ndiyo iliyomweka hai. Kila alipotaka kulala alimtazama yule mtu mwenye makoti mawili, usingizi ukamtoka.

Walitupwa kwenye ufuo wa mawe chini ya milima ambayo haikuwa na hata jani. Kazungu alimbeba Mutua mgongoni. Walikuwa wamekwisha kaa chini, hawawezi tena kuinuka, waliposikia mbwa. Wanaume wafupi waliovaa ngozi walikuja mbio pamoja na kigari cha mbao kisicho na magurudumu, kikikokotwa na mbwa wengi. Hawakuuliza kitu. Waliwafunika kwa ngozi za dubu wakawafunga juu ya kile kigari kama mizigo.

Kijiji kilikuwa nyumba chache za mawe na udongo, nusu zimezama ardhini, na kila moja ina mlango mfupi wa kutambaa. Ndani kulikuwa na joto la ajabu. Taa za jiwe ziliwaka kwa mafuta ya sili, mnyama wa baharini ambaye watu wale walimla, walimvaa na kumwasha. Kazungu na Mutua walipewa nafasi katika nyumba ya mjane aitwaye Nivi. Ofisa alichukuliwa na Gershom, katekista wa kijiji, aliyejifunza Kiingereza kwa wavuvi wa nyangumi.

Nivi aliitazama miguu ya Mutua, akainusa, akatoka kwenda kumwita Gershom aje kutafsiri.

"Anasema vidole vimekufa," Gershom alieleza. "Akivikata leo, atabaki na miguu. Akingoja, atakufa mwenyewe."

Mutua akasema wavikate. Kazungu alimshika kichwa. Nivi alitumia kisu kifupi cha mviringo, kilekile cha kuchunia sili, na alikata haraka bila kugeuza uso. Mutua hakulia. Aliyelia ni Kazungu, na alilia kwa hasira, akihesabu moyoni kila kipande kuwa kimekatwa na yule ofisa.

Kisha giza likaingia. Jua lilichungulia nyuma ya mlima, siku iliyofuata halikuonekana tena, na Gershom akawaambia kwamba hakuna meli itakayokuja mpaka barafu ipasuke. Wanaume walitoka kuwinda palipokuwa na mwanga wa mwezi. Wanawake walishona viatu na kulainisha ngozi kwa meno. Kazi ilipokwisha, watu wale walicheza.

Hilo ndilo lililomchoma Kazungu kuliko baridi. Walicheza kila mahali. Walipiga mpira wa ngozi juu ya bahari iliyoganda, wazee kwa watoto, wakianguka na kucheka mpaka wakashika mbavu. Walirusha mfupa wenye tundu na kuudaka kwa kijiti. Walifunga mshipa wa mnyama vidoleni kama uzi na kutengeneza maumbo ya dubu, mtumbwi, mtu na mkewe wakigombana. Walitembeleana nyumba kwa nyumba kunywa kahawa, wakisimulia habari ileile ya sili aliyemkimbia mwindaji, na kila mara wakicheka kama hawajapata kuisikia. Watoto walimsugua Kazungu mkono kuona kama weusi utatoka, nao wakacheka.

Alimwambia Mutua kwamba hawa ni watu wasio na akili. Mtu amekatwa vidole, watu wengine wamekufa baharini, nao wanacheza na nyuzi.

Mutua alikuwa amekaa juu ya jukwaa la kulalia, miguu imefungwa ngozi, mshipa vidoleni. Alikuwa amekwisha kujua kumtengeneza dubu.

"Mume wa Nivi alizama kwenye barafu mwaka jana," alisema. "Na mwanawe pia. Aliniambia Gershom. Unafikiri hawajui kufiwa?"

Swali hilo lilimzidishia Kazungu hasira. Alitoka nje akasimama kwenye giza mpaka machozi yakaganda kopeni. Katika nyumba ya Gershom aliona kivuli cha ofisa karibu na taa. Yule mtu alikuwa mzima. Vidole vyake vyote alikuwa navyo. Alikuwa amewaeleza wenyeji, kupitia kwa Gershom, kwamba ni yeye aliyeiongoza mashua na kuwaokoa makuli wake wawili. Mutua alipoambiwa neno hilo alitikisa kichwa tu. Kazungu alichukua kisu cha kuwindia kilichokuwa cha marehemu mume wa Nivi, akaanza kukinoa.

Alikinoa siku nyingi. Alidhani hakuna anayejua. Nivi alikuwa akishona, akimtazama. Mwisho akamwita Gershom, akazungumza kwa muda mrefu, kwa utulivu.

"Anasema kisu hicho kimekwisha kuwa kikali, sasa unakipoteza chuma bure," Gershom alitafsiri. "Anasema ukimuua mtu wakati wa giza, sisi sote tutakaa na damu hiyo mpaka jua lirudi, katika nyumba hizi ndogo. Watoto pia. Hapana. Ukiwa na neno na mtu, huku kwetu tunamwimbia. Mbele ya watu. Naye lazima asimame asikie."

Kazungu alimwambia yeye hakuja kucheza.

"Na nani kakwambia ni mchezo?" aliuliza Gershom.

Ilikuwa desturi ya wazee wao, ambayo siku hizi ilibaki kuwa burudani ya majira ya giza, lakini bado watu waliujua uzito wake. Kijiji chote kilijazana katika nyumba kubwa. Waliketi juu ya jukwaa na sakafuni, wamevua nguo za juu kwa sababu ya joto, wakila mafuta ya nyangumi vipande vipande. Ofisa aliletwa akifikiri ni karamu. Nivi alimpa Kazungu ngoma ya duara, nyembamba kama ungo, ya kupigwa ukingoni kwa kijiti.

Kwao Kazungu hakuwa mwimbaji. Lakini alikuwa amekua akiwasikia watu wa Kaloleni wakichambana kwa ngoma kwenye mazishi na harusi, na mkono ulipoanza kupiga, maneno yalikuja. Aliimba kwa Kigiriama. Mutua, aliyejifunza lugha hiyo kwa majirani Changamwe, alikuwa akiyageuza Kiingereza na Gershom akiyapeleka kwa watu wake. Aliimba juu ya kufuli. Akaimba juu ya mtu aliyefunga ngozi ya ng'ombe juu ya sufu ya kondoo na bado akatetemeka, kwa kuwa ndani yake hamna mtu. Akaimba vidole vya Mutua, kimoja kimoja, kila kimoja akikitajia kazi kiliyoifanya: hiki kilikanyaga makaa, hiki kilipanda kilima cha Changamwe, hiki Nduku alikitoa mwiba. Akaimba juu ya baharia mzee, akamwita baba.

Watu walicheka walipotakiwa kucheka, na kwenye vidole walinyamaza. Ofisa alitaka kutoka. Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye mdomo wa njia ya kutambaa, akila, na hakusogea. Ofisa akasema kwamba huo ni uasi, kwamba watu hawa wawili watashtakiwa. Gershom hakulitafsiri hilo. Kazungu alimsogelea mpaka pumzi zao zikagusana, akarudia wimbo tangu mwanzo. Ndipo yule mtu alipoipiga ngoma kwa ngumi ikaanguka.

Nyumba nzima ikatoa sauti moja ya chini. Kwa watu wale, anayekasirika wakati wa kuimbiwa ameshindwa. Hawakumdhuru. Waliendelea kumlisha na kumpa nafasi ya kulala. Ila hakuna aliyemsikiliza tena alipojisifu, na hakuna aliyemwita kwenye mpira.

Kazungu alimrudishia Nivi kisu. Hasira haikwisha. Alisema wazi kwa Mutua kwamba bado anamchukia yule mtu, na atamchukia mpaka afe. Lakini siku iliyofuata alipanda juu ya barafu watu walipokuwa wakicheza mpira, akasimama ukingoni, kisha mpira ukamjia, akaupiga. Alianguka vibaya. Alicheka, na ile sauti ikamshtua kama sauti ya mtu mwingine.

Jua lilirudi. Barafu ikapasuka kwa vishindo, na siku moja moshi wa meli ya doria ukaonekana baharini. Nivi alimvisha Mutua viatu vya ngozi ya sili alivyomshonea kwa kipimo cha miguu yake mipya. Kazungu alimwamkia shikamoo, kwa Kiswahili, kwa kuwa hakujua neno jingine lenye heshima ya kutosha. Akauchukua mkono wa Nivi akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe.

Katika bandari ya Uskochi wakubwa waliwauliza yaliyotokea. Ofisa alieleza kwa ufasaha. Kazungu naye alisimama akaeleza kila kitu bila kutetemeka, akiwa amemkazia macho. Walimsikiliza, wakamshukuru, wakampa blanketi. Ofisa alipewa meli nyingine.

Walifika Kilindini wakati wa mvua za masika. Walipanda kilima cha Changamwe polepole, Mutua kwa mikongojo miwili, matope yakiwarukia. Nduku alikuwa anaanika nguo barazani mvua ilipopisha. Alizitupa chini zote. Mbele kidogo, Kanze alisimama mlangoni akamtazama mumewe. Alikuwa ameambiwa kwamba mumewe amekufa. Karani wa bandari alikuwa amekuja, akalitamka hilo bila kushuka kwenye baiskeli, akaenda zake. Matanga yalikwisha kukaliwa, nguo za Kazungu zimegawiwa ndugu, na Mbeyu, aliyemwacha akitambaa, alikuwa amejificha nyuma ya gauni la mamake akimchungulia mgeni.

Kazungu aliketi kwenye kibao. Akasema, "Mamake Mbeyu, nimerudi na hasira. Sijui nitaiweka wapi katika nyumba hii."

"Na mimi ninayo," Kanze alisema. "Nilikaa matanga ya mtu aliye hai."

Aliingia jikoni akatoka na sima na kisamvu, akamnawisha mikono kwa maji ya vuguvugu.

"Kula kwanza," alimwambia. "Halafu unieleze, tangu meli ilipotoka hapa. Usiruke hata neno."

Akala. Mtoto alisogea hatua moja. Kisha Kazungu akaanza kueleza.