Goti Limepona, Hofu Bado

"Huyu anayekusubiri kesho saa nne ni nani?" mke aliuliza, simu ya mumewe mkononi.

Mumewe, fundi wa kuezeka mapaa, alikuwa kitandani, mguu juu ya mto, magongo yake ya kutembelea kando. Akanyoosha mkono kuitaka simu. Mkewe hakumpa. Alisoma ujumbe kwa sauti:

"Mwambie mkeo leo. Kumficha kunakuumiza zaidi. Nakusubiri kesho saa nne."

Kwa miezi minne, tangu mumewe apasuliwe goti baada ya kuporomoka kutoka juu ya paa, mke alikuwa akifunga duka lake la ushonaji mapema, anampikia, anambebea maji ya kuoga, anavumilia kununiwa. Mume hamgusi, wala hamtazami usoni. Leo alidhani amejua sababu. Akavuta begi na kuanza kutia nguo.

"Ni mshauri nasaha wa hospitali," mume alisema. "Naenda kwake kila Jumatano."

"Jumatano si unaenda mazoezi ya goti?"

"Nilishamaliza. Daktari anasema limepona."

Mke akaketi. "Na hayo magongo?"

Ndipo mume akamweleza. Wiki sita nyuma alikwenda kazini kimyakimya. Alipokanyaga ngazi ya pili tu, mwili mzima ukatetemeka, jasho likamtoka, akashuka akiwadanganya wenzake kwamba goti linauma. Nyumbani akaendeleza uongo uleule.

"Maumivu watu wanayaonea huruma," alisema. "Woga wa mwanamume nani anauonea huruma?"

Mkewe akalisukuma begi kando.

"Ndoo mbili kila asubuhi, mume wangu. Mgongo wangu umekwisha. Ungeniambia unaogopa, ningeubeba woga huo kwa moyo mkunjufu. Mimi sikuolewa na goti."

Kesho yake walikwenda pamoja. Mshauri, mama wa makamo, aliwaambia kwamba wengi waliopasuliwa goti hubaki na hofu kama hiyo, na si aibu. Kisha akamuuliza mke kama amemsamehe.

"Bado," alijibu. "Lakini Jumatano nitakuwa nakuja naye."

Walipotoka, mume aliyaacha magongo mapokezini. Mbele yao kulikuwa na ngazi kumi na mbili za kushuka. Alisimama juu, hakushuka.

"Nishike mkono," alisema. "Goti haliumi. Naogopa tu."

Mkewe akaushika, wakashuka.