Chupa za Kwaraa

Foleni ya sabuni ilianzia mlangoni mwa duka la ushirika, ikapita mbele ya posta, ikakata kona kuelekea stendi ya Babati. Nusu ya waliopanga foleni hawakuwa watu bali mawe. Ndivyo tulivyoishi mwaka ule wa 1984: ukiwa na kazi unaacha jiwe lako, au tofali, au kikapu kilichotoboka, unawaambia majirani "huyu ni mimi," unakwenda zako. Mektilda alikuwa ameacha jiwe jeupe alilolitoa uani kwa Mama Kandida, mwenye hoteli alikofanya kazi. Aliporudi, mikono ingali na unga wa njano, alikuta mahali pa jiwe lake amesimama kijana mrefu mwenye koti la jinzi, suruali ya bugaluu iliyopanuka chini na viatu virefu vya raizoni, vya kahawia, visivyo na chembe ya vumbi. Kwa mji wenye vumbi kama Babati, hilo peke yake lilitosha kumtilia mtu shaka.

"Kaka, umesimama juu yangu," Mektilda alisema.

Kijana akatazama chini. "Juu ya nani?"

"Juu yangu. Hapo palikuwa na jiwe."

"Lile jeupe? Nimelisogeza pembeni. Nilidhani ni jiwe tu."

"Ni jiwe, ndiyo maana halikukujibu. Mimi nakujibu."

Waliokuwa karibu wakacheka. Kijana akaenda kuliokota, akalifuta kwa leso yake, akalirudisha mahali pake kwa mikono miwili, kisha akasimama nyuma yake. "Samahani, dada jiwe," alisema, na Mektilda, aliyekuwa amekusudia kukasirika mpaka jioni, akajikuta anacheka. Sabuni iliisha kabla hawajaufikia mlango. Lakini majina walikuwa wamekwisha kupeana.

Jina lake ni Filipo, na mji mzima ulimjua hata kabla ya Mektilda kumjua, kwa sababu ndiye aliyeendesha Kwaraa. Kwaraa ni mlima unaoutazama mji kwa juu, na ndilo jina alilolipa gari lake jekundu la mashindano bwana mmoja aitwaye Rehani, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mwaka ule mbio za Bonde la Ufa zilikuwa na awamu tatu, na kila awamu ilipita katikati ya Babati, ikapanda mlima wa Bereko kuelekea Kondoa. Gari la nyumbani, dereva wa nyumbani. Watu waliokosa sukari, sabuni na hata kitambaa cha sanda walikuwa na Kwaraa, wakaipenda kama mtoto wa mwisho.

Shida ilikuwa petroli. Kibali cha mafuta cha serikali kilitoa ya kufika Bereko labda, si ya kurudi. Ndipo mashabiki wakakubaliana kwamba kila mmoja, kila Ijumaa, alete chupa moja ya petroli uani kwa Mama Kandida, imiminwe kwenye pipa lililofunikwa magunia nyuma ya jiko. Kila mmoja alijua atakakoitoa, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Serikali ilikuwa ikiwasaka walioficha bidhaa, kwa hiyo pipa lile halikuwa jambo la kutajwa ovyo. Mpokeaji wa chupa alikuwa Mektilda, na alijivunia kazi hiyo, maana aliiona kama kumpikia Filipo.

Ijumaa ya kwanza alikuja Mzee Tadeo, fundi cherehani, mwenyekiti wa mashabiki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Sikiliza." Akamwonyesha chupa, petroli imeishia kwenye mabega yake. "Haijajaa, naona aibu. Nijazie mafuta ya taa kidogo hapo juu. Wenzangu wameleta safi, haitaonekana. Na usimwambie mtu."

Angefanyaje? Mzee wa watu, na ndiye aliyemshonea gauni lake la njano la mkanda. Akamjazia kutoka kwenye dumu la jiko. Baadaye akaja Mwalimu Wolfgang, petroli ya chupa yake imeishia katikati, na maneno yale yale. Kisha Shaaban, mwenye bucha. Kila mmoja peke yake, kwa sauti ya chini, kila mmoja akiamini kwamba yeye ndiye mdanganyifu pekee katika mji wa watu waaminifu. Mektilda aliwajazia wote, akacheka moyoni kwa jinsi wazee walivyoona haya. Hakuwaza kitu kingine, maana siku hizo alikuwa anapenda, na mwenye kupenda hana muda wa mahesabu ya mapipa.

Filipo alikuwa akija jioni, anakaa kwenye benchi la jikoni, anakunywa chai ya asali kwa kuwa sukari haipo.

"Chai yako inanifanya niendeshe polepole," alimwambia siku moja.

"Kwa nini?"

"Nikipita hapa mbele lazima nigeuke nikuone."

"Basi usigeuke. Mimi nitakusikia, hilo gari lako linapiga kelele kuliko harusi."

"Mbio zikiisha nitatuma watu kwa baba yako, kule kijijini Nakwa. Wataninyima?"

"Baba hana neno. Mwenye neno ni mimi."

"Na neno lako ni lipi?"

"Kunywa chai, itapoa." Lakini alimwongezea asali bila kuombwa. Alimtaka. Alimtaka kiasi cha kujionea aibu.

Awamu ya kwanza Kwaraa ilipita mjini ikikohoa, na huko Bereko magari ya watu yaliipita kama imeegeshwa. Mashabiki wakajaa hotelini.

"Kabureta," alisema Mwalimu Wolfgang. "Gari linakosa hewa. Ni jambo la wazi kabisa."

"Hewa ipi, mwalimu? Mlima wote ule ni hewa tupu," alijibu Shaaban. "Ni springi. Nimeliona linavyokaa, limeinama nyuma kama fisi."

"Springi haifanyi gari likohoe."

"Na kabureta haifanyi gari liiname."

Mzee Tadeo aliwaacha wabishane, kisha akasema kwa utaratibu, "Gari ni zima. Mkitaka kujua ugonjwa, mtazameni dereva." Akainua kikombe chake.

Awamu ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Sasa Mzee Tadeo alimalizia sentensi yake. Kijana akishampata mwanamke, alisema, mguu wake unakuwa mwepesi kwenye mafuta, anafikiria kurudi badala ya kwenda. Kabureta na springi zikasahaulika siku hiyo hiyo. Kina mama kisimani walimpisha Mektilda kwa adabu ambayo ilikuwa ni matusi. Shaaban alimwita "breki" mbele ya wateja, wakacheka, na wengine walikuwa ni wale wale aliowajazia chupa.

Filipo akaacha kuja. Mektilda akangoja, kisha akaenda posta, akaomba apigiwe Arusha, kwenye gereji ambako gari lilikuwa linatengenezwa. Karani aliita na kuita mpaka laini ikakubali.

"Filipo, mbona kimya?"

"Kazi nyingi, mpenzi."

"Nani amekukataza kuja?"

Laini ikakwaruza. "Rehani anasema tupumzike kidogo. Mpaka awamu ya tatu. Nikishindwa tena atampa gari mtu mwingine."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema... ni muda mfupi tu, Mektilda."

"Pumzika basi," alisema, akarudisha simu kabla karani hajamwambia muda umekwisha. Alilia mpaka alipofika stendi, akafuta uso, akaingia kazini.

Juma lile gari likarudishwa Babati. Rehani alilijaza kutoka kwenye lile pipa, akalijaribu mwenyewe, akalipitisha taratibu mbele ya hoteli. Mektilda alikuwa dirishani. Moshi ukaingia ndani, akaunusa, akaacha alichokuwa akifanya, kwa sababu ulinuka jiko lake. Ule ulikuwa moshi wa mafuta ya taa unaomchoma macho kila asubuhi. Hapo ndipo zile chupa zote zilimrudia, moja baada ya moja, pamoja na mkono wake ulioinamisha dumu.

Alimfuata Filipo hadi kwenye kibanda cha gari, bila kujali nani anamwona. Alimweleza yote, na sehemu yake hakuificha. Filipo akaenda naye uani, akafunua magunia, akachovya kidole kwenye pipa, akanusa. Kisha akaketi juu ya gogo la kuni.

"Kwa hiyo wanalilisha sumu wenyewe, halafu wanakaa mezani kuuliza linaumwa nini."

"Na mimi niliwasaidia. Nisamehe."

"Wewe hukujua." Akamshika mkono wenye harufu ya vitunguu, akaubusu kwenye kiganja. "Nisamehe wewe, kwa ile simu. Keshokutwa tuna mkutano wa mashabiki hapa hotelini. Utasema, nami nitasimama. Ukianza tu, nitasimama."

"Kweli?"

"Dada jiwe, nimewahi kukudanganya?"

Alirudi nyumbani amepona.

Siku ya mkutano Mektilda alivaa gauni lake la njano alilolifua kwa majani ya mpapai, akasimama kati ya meza akiwa ameshika sinia kifuani. Aliamkia, akasema. Hakumtaja mtu jina. Alisema tu kwamba chupa zilikuwa zinajazwa mafuta ya taa, kwamba aliyejaza ni yeye, kwa kuombwa, na kwamba pipa likimwagwa na watu wakaleta petroli tupu, Kwaraa itapanda Bereko.

 Mwalimu Wolfgang alitazama dari. Shaaban alivua kofia, akaitazama ndani. Kila mmoja alikuwa ndiyo kwanza anatambua kwamba hakuwa peke yake, na badala ya kuwapunguzia aibu, jambo hilo likawatia hofu.

Mzee Tadeo ndiye aliyeanza kusema, bila kumtazama binti. "Haya ni maneno mazito. Siku hizi mtu akitajwa kwa mafuta anaozea ndani. Dereva yupo hapa. Filipo, mwanangu, petroli tunayokupa ina kasoro?"

Filipo alisimama, kama alivyoahidi. Alimtazama Tadeo, akamtazama Rehani aliyeegemea mlango akichezea funguo za gari, akazitazama nyuso za watu wote ambao bila chupa zao asingefika hata Bonga, kijiji cha jirani tu. Mektilda alimwona akiyakwepa macho yake, akajua kabla hajafungua mdomo.

"Petroli ni safi, mzee," alisema Filipo. "Kosa ni langu. Nilikuwa na mawazo mengi. Nimeshayaacha."

Watu wakapumua. Mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata. Mektilda alikusanya vikombe vilivyokuwa mbele yake, kwa sababu mikono ilihitaji kazi, akatoka navyo.

Mama Kandida hakumfukuza. "Umesema kweli, mwanangu, lakini watu hawanywi chai kwa mtu aliyewasema," alimwambia, akamhamishia jikoni moja kwa moja, asitokee tena ukumbini. Pipa likahamishiwa kwa Mzee Tadeo. Jioni ile ile lilimwagwa kimyakimya, na Ijumaa iliyofuata chupa zilizokwenda huko zilikuwa zimejaa petroli mpaka shingoni. Hakuna aliyemwambia mwenzake kwa nini.

Awamu ya tatu Kwaraa ilipita Babati ikinguruma mpaka vioo vya posta vikatetemeka. Ilipanda Bereko mbele ya magari yote, na basi la kutoka Kondoa lilipoleta habari za ushindi, watu walicheza barabarani.

"Mnaona?" alisema Shaaban. "Alipomwacha tu yule mwanamke."

Mektilda aliyasikia hayo akiwa anachambua mchele. Hakuwa na wa kumwambia.

Filipo alikuja alasiri ya pili baada ya ushindi, kwa mlango wa uani, amevaa shati jipya, na kitenge cha maua kwapani, kitenge ambacho mwaka ule usingekipata bila kujuana na mtu.

"Nilijua utakasirika," alisema. "Lakini ningefanyaje? Wangeninyima petroli, Rehani angenipokonya gari. Sasa nimeshinda. Watu wangu wanakwenda Nakwa Jumamosi, ukikubali tu. Nakupenda, Mektilda. Hilo halikubadilika."

Alimwamini. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba alimwamini na bado alimtaka.

"Wote wamo hapo mezani," alisema. "Nenda kawaambie kilichokuwa kinaliumiza gari."

"Lakini wanajua. Wote wanajua."

"Wanajua. Aliyesema ni mimi peke yangu, na mimi ndiye breki. Waambie leo, Jumamosi watu wako waje."

"Nitawaambia, mpenzi. Tukishaoana, mambo yakipoa..."

"Leo, Filipo."

Filipo akaweka kitenge kwenye benchi, akapita mlangoni kuingia ukumbini. Mektilda akamfuata mpaka kizingitini. Meza nzima ikampokea kwa vifijo, akavutiwa kiti, na Mzee Tadeo akamkumbatia begani.

"Dereva, hebu wafumbulie hawa," alisema mzee kwa furaha. "Wamebishana tangu asubuhi. Kwaraa ilipona nini?"

Filipo aliinua macho, yakakutana na ya Mektilda. Alimtazama kwa muda, kwa huruma hasa, kama mtu anayeaga. Kisha akawageukia.

"Springi," alisema. "Tulibadilisha springi."

Shaaban aligonga meza. Mektilda akarudi benchini, akakichukua kitenge, akapita nacho kati ya watu, ndani ya ukumbi aliokatazwa, akakiweka mbele ya Filipo kando ya kikombe.

"Kaka, umesahau mzigo wako," alisema.

Aligeuka akaenda zake jikoni, taratibu, ili asionekane anakimbia. Chungu kilikuwa kimechemka na kumwagika, akapiga magoti kufuta.  Kule mezani Mwalimu Wolfgang akauliza kama zilikuwa ni springi za mbele au za nyuma, Shaaban akasema za nyuma, na ubishi ukaanza upya.