Upupu Katika Nyasi za Kanisani

Kila alasiri, Keziya alipokuwa akimenya ndizi za kupika, bibi yake Maliza aliketi mkekani na kusoma Injili kwa sauti. Kitabu alikishika juu chini. Ndivyo alivyojifunza. Zamani kijijini Nakaseta kulikuwa na kitabu kimoja kwa wasomaji wanane. Walikizunguka, na Maliza alikaa upande wa juu wa kitabu. Herufi zilimjia zimepinduka, naye akazizoea hivyo.

Siku moja Damali, binti wa mwalimu wa kanisa, alipita na mtungi kichwani, akachungulia. Kesho yake shuleni aliigiza mbele ya wenzake, kitabu kimepinduliwa, midomo ameibenua.

"Keziya, bibi yako anasoma au anafukuza inzi?"

Watoto wakaangua kicheko. Maneno yakamfikia baba yake Damali, mwalimu Yokana, naye akalifuta jina la Maliza kwenye orodha ya kipaimara.

"Mama, wewe umekariri tu," alimwambia. "Asiyejua kusoma hakubaliwi."

Maliza alikuwa amengoja miaka sita. Kipaimara hutolewa na askofu peke yake, na askofu alikuwa hajafika Nakaseta muda wote huo.

Keziya hakulia. "Damali atajikuna mpaka ajute," aliapa.

Ilikuwa desturi kila msichana wa kipaimara akate nyasi zenye harufu nzuri na kuzitandaza kanisani, mahali atakapopiga magoti. Jumamosi, wasichana hao walipokwisha kutandaza na kuondoka, Keziya alifunga mikono yake kwa majani ya mgomba, kama wafanyavyo wote wanaogusa upupu, akauchuma upupu msituni, akaukung'uta juu ya nyasi za Damali, mstari wa mbele. Alirudi nyumbani akicheka peke yake.

Jumapili Askofu Wetherby alifika kwa baiskeli, mzee mrefu, soksi zimejaa vumbi. Kabla ya ibada aliketi kanisani kuwasikiliza wasomaji. Maliza hakuitwa, lakini alikwenda na kitabu chake.

"Huyu hajui kusoma, Baba Askofu," Yokana alisema haraka.

Askofu akakichukua kitabu, akakifungua ukurasa wowote tu, akampa. Maliza akakipindua kitabu, akasoma mistari kumi bila kukwama.

"Ulikuwa unakaa upande wa juu?" askofu aliuliza, akitabasamu. "Nimewakuta wengi kama wewe. Mwalimu, andika jina lake."

Yokana aliinamisha kichwa. Damali, uso umemshuka, akamshika Maliza mkono.

"Bibi, nilikukosea. Piga magoti mahali pangu, mbele. Mimi nitakaa nyuma."

Keziya aliyaona magoti makavu ya bibi yake yakikaribia zile nyasi.

"Bibi, usipige magoti! Nimetia upupu! Ulikuwa wa Damali!"

Maliza akamtazama mjukuu wake.

"Utoe," alisema. "Kwa mikono hiyohiyo. Na leo hakuna majani ya mgomba."

Keziya alizibeba nyasi zote hadi nje, mikono ikiwaka kama moto. Askofu akamfuata, akachutama karibu naye.

"Miaka sita iliyopita mtu wa hapa aliikata mipira ya baiskeli yangu, akatengeneza manati. Nilitembea siku nzima nikiwa na homa. Nikaapa sitakanyaga hapa mpaka ajitokeze."

"Alijitokeza?"

"Alihama mwezi uleule. Mimi nimelijua hilo mwaka huu tu. Aliyeumia ni bibi yako."

"Miaka sita, Baba Askofu!" Maliza alisema kutoka mlangoni. "Wakati ule magoti yangu yalikuwa mazima!"

"Nisamehe, Mama."

Damali alikuja na majivu, akaanza kumpaka Keziya mikononi.

"Inawasha?"

"Sana."

"Vizuri," alisema Damali, akaendelea kumpaka.

Siku hiyo Maliza alipiga magoti juu ya udongo mtupu, na askofu akamwekea mikono. Baada ya ibada askofu aliwaita wasichana wale wawili.

"Ukilipiza kisasi, huchagui atakayeumia," alisema. "Mimi nilimtafuta mwizi, nikamtesa bibi kizee. Mtu akikukosea, mwendee mchana, mbele ya watu, umwambie amekosa. Maliza alikuja na kitabu chake tu, na kilimtosha."

Akapanda baiskeli. Kabla hajaondoka, aliinama akaikagua mipira, na Maliza akacheka mpaka akashika kiuno.